Hariri ya damu ya mzee: shajara ya gauni la shangazi

Jumamosi, baada ya Isha

Kitambaa kimefika leo. Shangazi amekileta mwenyewe kutoka Mtaa wa Biashara, kimefungwa kwa karatasi ya kaki, na amekaa nami mpaka nikakitandaza chote juu ya kitanda. Kuna krepu ya hariri, rangi ya damu ya mzee, mita 5, upana mita 1.14. Kuna hariri nyepesi ya habotai, rangi ya maziwa, mita 4, ya bitana. Na kuna hariri ngumu ya dupioni, rangi ya dhahabu, mita 2, ya kizibao cha kuvaa juu. Binti yake anaolewa mwezi ujao.

"Basi kesho wakata," akasema.

"Kesho sikati, shangazi. Nafua kwanza."

"Wafua kitambaa kipya?"

"Naam. Tena naanza na vipande vidogo."

Hakunikataza, ila uso wake ulisema mengine, nami namwelewa. Hariri ni ghali, na wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba haiguswi na maji. Lakini miaka 2 iliyopita nilimshonea mteja gauni la krepu kama hii, na sikufua. Nililitia bitana ya poliesta. Akalivaa mara moja, akalifua kwa mkono kwa upole kabisa, akalianika kivulini. Likapanda vidole vitatu, na bitana, ambayo haikurudi hata kidogo, ikabaki inachungulia chini ya pindo zima. Alinirudishia bila kelele. Alilikunjua tu mbele yangu. Nilimlipa thamani ya kitambaa, lakini picha ile sijaisahau, na tangu siku hiyo hariri haipandi kwenye meza yangu ya kukatia kabla ya kupita kwenye beseni. Kitambaa nakitaka kimalize kubadilika kikiwa bado ni kitambaa. Kikishakuwa gauni, tumechelewa.

Jumapili

Kabla ya maji, moto. Nimechomoa nyuzi chache za mtande, zile za urefu, na chache za mshindio, zile za upana, katika kila kitambaa, nikazishika kwa koleo dogo la nyusi juu ya sinia, nikaziwasha. Za krepu ziliungua polepole, zikajikunja, zikazimika zenyewe nilipoondoa kiberiti. Harufu ikawa ile ya nywele zilizoungua, na jivu likasagika kati ya vidole kama masizi. Nilijaribu pande zote mbili kwa sababu vipo vitambaa ambavyo mtande wake ni hariri na mshindio ni poliesta, na poliesta huyeyuka ikaacha punje ngumu isiyovunjika. Hapa vyote vitatu ni hariri tupu.

Harufu ile ya nywele ndiyo inayonipa masharti ya kufua. Hariri ni protini, kama nywele, kama manyoya, kwa hiyo kinachoziumiza nywele huiumiza nayo. Sabuni ya unga ina magadi, na nyingi zina vimeng'enya vilivyokusudiwa kula madoa ya protini kama damu na mayai. Vimeng'enya hivyo havijui tofauti ya doa na kitambaa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ni mbaya zaidi: hariri huyeyuka ndani yake. Mimi nafulia shampuu ya watoto, ile isiyo na mafuta wala kilainishi.

Nimepima pia uzito kwa mizani ya jikoni. Krepu yote ni gramu 396. Mita 5 mara 1.14 ni mita za mraba 5.7, kwa hiyo kila mita ya mraba ina karibu gramu 69.5. Wauza hariri hutumia kipimo cha Kijapani kiitwacho momme, na momme 1 ni karibu gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Hesabu inatoka 16, na 16 ndiyo aliyoambiwa shangazi dukani. Muuzaji amesema kweli, na moyo wangu umetulia.

Jumatatu usiku

Siku ndefu, na karibu yote imekwenda kwenye maji.

Nilikata ukanda mmoja wa sentimita 20 kwenye krepu, nikapata vipande vitano vya mraba, 20 kwa 20. Kila kimoja nilikizungushia zigizaga kisifumuke, nikapiga bandi ya uzi mweupe kuonyesha mtande unakwenda wapi. Kimoja nimekiweka kikavu. Vinne vimefuliwa, kila kimoja kwa njia yake, maana hapa kwetu kisiwani maji ni mambo mawili: ya kisimani na ya kununua kwa mtungi. Kisiwa chote kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo na chokaa nyingi.

Cha kwanza nilikifua kwa maji ya kisima na sabuni ya kipande. Povu halikutoka. Juu ya maji ukatanda utando wa kijivu, na nilipoinua kipande utando ule ukakifuata. Kimekauka kikiwa kigumu kama karatasi iliyolowa juzi, na wekundu wake umefunikwa na kitu mfano wa vumbi. Sabuni imeshikana na chokaa ya maji, na matokeo ya ndoa hiyo yamebaki katika nyuzi. Nilikisuuza tena kwa maji yenye siki, kikarudi nusu tu.

Kisima na shampuu: afadhali sana, hakuna utando, ila ukikipitisha kwenye shavu unahisi kukwaruza kidogo. Maji ya mtungi na sabuni ya kipande: rangi imetoka nyingi mno katika maji, na mng'ao umepungua. Maji ya mtungi na shampuu, kisha siki kidogo katika maji ya kusuuza, kisha maji matupu: hiki nimekiweka kando ya kile kikavu chini ya taa na ilinibidi nitafute bandi ya uzi mweupe ili nijue kipi ni kipi. Kwa mkono tofauti ipo. Kilichofuliwa ni laini zaidi, kinaanguka vizuri, kinafuata kidole. Kile kikavu bado kimebeba dawa za kiwandani zinazokifanya kisimame dukani.

Siki wengi huisifu kwamba inagandisha rangi. Kwenye kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi mimi siitegemei kwa hilo. Naitia kwa sababu huondoa mabaki ya sabuni na uchachu wake hurudisha hariri mahali inapopapenda. Vijiko viwili vya mezani kwa lita 10 vinatosha, na harufu hutoka na maji ya mwisho.

Vipimo baada ya pasi: upande wa mtande 20 imekuwa 19. Upande wa mshindio 20 imekuwa 18.8. Krepu ndivyo ilivyo. Nyuzi zake za mshindio zimesokotwa kwa nguvu, nyingine kuliani na nyingine kushotoni, na msokoto huo ndio unaofanya uso wake uwe na chembechembe. Zikinywa maji zinapata nafasi ya kujikunja, na kitambaa kinafinyaa. Mtande nao ulikuwa umevutwa kwenye mtambo tangu siku ya kufumwa. Majini ndipo unapopumzika. Habotai, ambayo nyuzi zake hazikusokotwa hivyo, imetoka 20 ikawa 19.6 tu.

Hapo ndipo gauni la mteja wangu liliponipotea. Krepu ilirudi 5 kwa 100, na poliesta haikurudi. Gauni la sentimita 130 linapoteza 6 na nusu.

Jumanne asubuhi

Jana kabla ya kulala nilikichukua kipande cha krepu kilichofuliwa mara moja, nikakilowesha, nikakilaza juu ya kipande cha habotai cheupe, nikavikunja pamoja ndani ya taulo. Nimevifungua sasa hivi. Habotai ina doa la waridi, limefuata umbo la mkunjo.

Kwa hiyo kufua mara moja hakutoshi. Bitana hii itakaa chini ya krepu hii, kwenye mwili wenye jasho, katika joto letu, kwenye ukumbi uliojaa watu. Doa hili ningeliona siku ya pili ya harusi, kwapani.

Jioni: nimekifua mara ya pili na kukilaza tena kwenye habotai nyingine. Kivuli tu. Mara ya tatu, habotai imebaki nyeupe. Kipimo nacho kimeteremka kidogo katika mfuo wa pili, 19 ikawa 18.9, halafu kikasimama. Nimeamua: krepu yote inafuliwa mara tatu.

Jumatano

Nimenunua mitungi sita ya lita 20. Kijana wa mkokoteni aliniuliza kama kuna shughuli nyumbani.

Kabla ya kuanza nilivua pete, nikakata kucha, nikapitisha mkono ndani ya beseni lote kutafuta mkwaruzo, maana beseni la plastiki la siku nyingi lina meno usiyoyaona. Makali mawili ya krepu nilikuwa nimeyapiga zigizaga. Maji ya kawaida, si ya moto. Nilikoroga shampuu kijiko kimoja kwa lita 10 mpaka ikapotea ndani ya maji. Isimwagwe juu ya kitambaa.

Hariri kavu haizami mara moja. Ililala juu ya maji, imejaa hewa, inang'aa, kisha mabaka meusi yakaanza kujitokeza hapa na pale, yakaungana, na ghafla yote ikanyong'onyea ikashuka. Nilishtuka kama ninavyoshtuka kila mara. Krepu iliyolowa hutisha: inakuwa nzito, ngumu, imekunjamana, rangi yake karibu nyeusi, na mtu ambaye hajaizoea atadhani ameiharibu. Haijaharibika. Niliibonyeza kwa viganja vilivyokunjuliwa, chini na juu, kama mtu anayemkanda mtoto mchanga, dakika 5 tu. Sikusugua. Hariri ikilowa hupungua nguvu, na uso uliosuguliwa hutoka vijinywele vyeupe ambavyo havirudi ndani.

Maji ya kwanza yalitoka kama juisi ya zambarau. Sikuiacha humo, kwa sababu rangi iliyotoka ikikaa hutafuta mahali pengine pa kushika. Niliiinua kwa mikono yote miwili kutoka chini, uzito wote ukiwa umeshikiliwa, nikaihamishia kwenye beseni la pili. Maji mara tatu, ya tatu yakiwa na siki, halafu matupu.

Kukamua hapana. Niliitandaza juu ya mashuka mawili meupe ya zamani, nikaviringisha vyote kama mkeka, nikaukandamiza ule mviringo kwa magoti kuanzia upande mmoja hadi wa pili. Nikaianika chumbani juu ya mwanzi mnene niliouzungushia shuka, dirisha wazi, upepo unapita, jua haliingii. Jua letu huifanya hariri nyeupe kuwa manjano na yenye rangi kupauka, na nyuzi zenyewe hudhoofika.

Pasi ni wakati ule inapokuwa na unyevu bado, upande wa ndani, moto wa chini kidogo ya wastani. Pasi nainyanyua na kuiweka, siisukumi, kwa sababu krepu mbichi ikisukumwa hunyooka kwa uongo na kurudi baadaye. Palipokauka kabla sijafika sikunyunyizia matone. Nilipalowesha pote kwa shuka lenye unyevu. Tone moja juu ya hariri kavu huacha duara.

Zilikuwa mita 4.80 baada ya kutoa ule ukanda. Leo ni 4.58.

Alhamisi

Mfuo wa pili asubuhi, wa tatu alasiri. Maji ya mwisho yametoka meupe. Urefu 4.56, upana 1.07. Habotai nayo imefuliwa, mara moja tu. Mikono imechoka.

Ijumaa

Shangazi alikuja baada ya sala. Nilimwamkia, nikampa krepu aishike. Alikaa nayo mapajani muda mrefu, akaikusanya kwenye ngumi na kuiachia. "Imekuwa kama maji," akasema. Niliona amesamehe siku tano za kungoja.

Halafu tukaja kwenye dupioni, na hapo hatukukubaliana.

Dupioni hutoka kwenye vifukofuko viwili vilivyoshikana, vya viwavi wawili waliofuma pamoja, ndiyo maana uzi wake una vinundu na kitambaa kina mistari ile minene inayopendeza. Nilikuwa nimefua kipande chake. Kilirudi kidogo tu, lakini kililegea. Ule mlio wa karatasi unaousikia ukikikunja umekwisha, mng'ao umefifia, na vinundu vimetoa manyoya. Binafsi ninakipenda hivyo. Nilitaka tufue chote, kizibao kiwe laini na kifulike nyumbani.

"Mimi nataka kisimame," akasema. "Kikilegea si kizibao tena, ni fulana."

Nilimwonyesha upande wa pili wa habari: kipande kisichofuliwa nilichokidondoshea tone la maji, na duara lake lililobaki baada ya kukauka. Aliliangalia vizuri. "Basi sitakifua. Nitakipeleka draiklini. Na mvua ikinyesha nitakivua."

Mwenye nguo ni yeye, na neno lake lina haki. Kitambaa kinafuliwa kabla ya kushonwa kwa namna kitakavyofuliwa baada ya kushonwa. Kama hiki hakitaona maji maishani mwake, sina sababu ya kukivunja ugumu leo. Nimekipitishia mvuke wa pasi kwa juu, pasi haigusi, huku kimefunikwa kitambaa kikavu cha pamba ili pasi isikitemee matone. Kimepungua nusu sentimita katika mita. Kwapani nitatia vikinga jasho vya pamba kwa bandi ya mkono, vya kutoa na kufua, kwa sababu chumvi ya jasho huidhoofisha hariri kuliko miaka.

Huko Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, kwenye karne ya 16, Wareno waliandika habari za vitambaa vya hariri vilivyofumwa pale na kusifika pwani nzima. Nilimweleza shangazi hilo tukiwa tunakunja. Akauliza walifulia maji gani.

Jumatatu na Jumanne

Kukata. Upana wa 1.07 umenibana kama nilivyohofia: sketi na mkono havikukaa tena sambamba, nikalazimika kuihamisha mikono chini ya sketi. Urefu umetosha, kimebaki kipande cha sentimita 30. Angenunua mita 4 na nusu tungekwama, na sasa kila mteja wa krepu nitamwambia aongeze nusu mita ya beseni.

Kabla ya kukata nilichomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, nikafuata mstari uliobaki, kwa sababu ukingo uliokatwa dukani ulikuwa umekwenda upande. Nimekata tabaka moja moja, karatasi ya shashi ikiwa chini, mkasi ukikata karatasi na hariri pamoja. Pini nyembamba, zote ndani ya posho ya mshono, ule ukingo unaobaki nje ya mstari wa kushona. Tundu la pini kwenye hariri halijifungi.

Wiki iliyofuata

Sindano namba 9, mpya kabisa. Namba 14 iliyokuwa kwenye cherehani nimeijaribu kwenye kipande cha majaribio, ikavuta uzi mmoja mzima kuvuka kitambaa. Hatua ya mshono milimita 2. Mishono ya pembeni nimeishona kwa kuficha makali: kwanza upande wa ndani kwa ndani, ukapunguzwa hadi milimita 3, ukageuzwa, ukashonwa tena ndani. Krepu iliyofuliwa haitelezi chini ya mguu wa cherehani kama ile ya dukani, na hilo peke yake limenipunguzia nusu ya bandi.

Gauni limening'inia siku mbili kabla ya kukunga pindo, kwa kuwa sketi imekatwa mshazari. Limeshuka sentimita 2 upande wa kushoto na 1 wa kulia. Nimelisawazisha likiwa mwilini mwa shangazi, yeye amesimama juu ya kigoda, binti yake akinishikia rula.

Alhamisi, siku tisa kabla ya harusi

Nimefanya jambo ambalo shangazi hakuniomba. Nimelifua gauni likiwa limekwisha, lote, na bitana yake ndani. Nilipima kabla: begani hadi pindo, sentimita 131. Bitana imekaa sentimita 3 juu ya pindo.

Shampuu, maji ya mtungi, siki, maji matupu. Shuka, mwanzi, upepo. Pasi ya upande wa ndani.

Sentimita 131. Bitana iko 3 juu. Nimeigeuza kutafuta waridi kwapani, kwenye kola, kwenye mshono wa kiuno ambako krepu na habotai zimebanana zaidi. Ni nyeupe yote.

Nimemwita shangazi aje alichukue jioni. Nimelifunga ndani ya khanga kuukuu ya pamba. Kwenye mfuko wa plastiki unyevu wetu ungelitia ukungu, na wadudu wanaokula manyoya hula hariri pia, kwa hiyo asiliweke kabatini likiwa na jasho. Nimemwambia ajipake marashi kwanza, yakauke mwilini, ndipo avae. Udi na alifukize kwa mbali.

"Na nikitaka kulifua?"

"Lifue, shangazi. Limeshazoea."

Kile kipande kikavu na kile kilichofuliwa mara tatu nimevibana kwa pini kwenye daftari, ubavu kwa ubavu, na kile cha kisima na sabuni nyuma yao. Kesho naanza kizibao.